Kwa Nini Uandishi wa Programu kwa Vitu Ulienea?

Wanafunzi wetu wanaosoma Kiswahili pamoja na kompyuta hutuuliza swali hili. Programu zilipokuwa kubwa na kuandikwa na watu wengi, kosa la mmoja liliweza kuharibu kazi ya wote. Simula 67, lugha iliyobuniwa Oslo na Dahl na Nygaard, iliweka data na shughuli zake ndani ya kitu kimoja, na kuruhusu kundi jipya la vitu kurithi sifa za kundi lililotangulia. Tuchukue mfano wa ngeli: neno "kitabu" lilipotoka Kiarabu liliingia KI-VI, likapata upatanisho wote bila kutungiwa kanuni mpya. Ndivyo kazi ilivyopungua. C++ (1985) iliwafikishia wazo hilo watumiaji wa C, na Java (1995) ikalieneza zaidi. Basi, aijuaye ngeli amekwisha kuanza somo hilo.