Kompyuta Iliyopoteza Waifai Haijafa

Kama nyumbani kwako yuko kijana aliye chuoni, labda mmekwisha kuuza mpunga ili apate kompyuta. Basi soma habari hii kabla hujauza gunia jingine.

Ijumaa moja mzee wa Mang'ula alifika ofisini kwetu Ifakara, amekumbatia kompyuta iliyofungwa katika kanga, na binti yake yu nyuma. Binti huyo asoma ualimu, naye alitakiwa kupeleka chuoni ripoti ya mazoezi ya kufundisha, kwa intaneti, kabla ya Jumatatu. Jana yake alikuwa ameibadili Windows 10 ya kompyuta yake kuwa Windows 11. Mashine ilipowaka tena, alama ya waifai haikuwapo. Fundi mmoja aliitazama kidogo tu, akasema adapta imeungua, nayo ndiyo kile kipande cha ndani kinachoshika mawimbi ya waifai. Alitaka bei ya gunia zima.

"Mwalimu," mzee akaniuliza, "niuze, nisiuze?"

"Ngoja kwanza, mzee wangu," nikamjibu.

Binti hakukosa kubadili. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na mashine isiyopata marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo. Lakini yafaa ujue jambo hili. Adapta ni kama trekta: haiendi bila dereva. Dereva wake ni programu ndogo, nayo huitwa draiva. Ukibadili Windows, ni kama shamba limepata bwana mpya; pengine yule dereva wa zamani hasikilizani naye. Trekta ni zima, ila limesimama.

Kwanza nilitazama kama ile alama ya ndege, ambayo hufunga mawimbi yote, imewashwa kwa bahati mbaya. Haikuwashwa. Kisha nikaiwasha mashine upya kwa kuchagua Restart. Usidhani kuzima na kuwasha ni mamoja na hilo: mara nyingi Windows ikizimwa huweka akiba ya hali yake, ikiwashwa huirudia ile ile pamoja na kosa lake. Restart huanza upya kabisa.

Haikusaidia. Nikabonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Device Manager, iliyo orodha ya viungo vyote vya mashine. Hapo ndipo fundi hakufika. Adapta ilikuwamo, na pembeni yake alama ndogo ya njano. Kama ingekuwa imeungua, kwa kawaida isingeonekana kabisa katika orodha ile. Alama ya njano mara nyingi husema: kiungo kipo, dereva ana taabu.

Sasa, utampataje dereva mpya katika intaneti, na intaneti ndiyo iliyokosekana? Watu wengi hukwama hapa, na dawa wanayo mfukoni. Tulichukua simu ya binti na waya wake wa kuchajia, tukaiunganisha na kompyuta, tukawasha USB tethering katika mipangilio ya simu. Intaneti ya simu ikapita katika waya bila kuihitaji waifai. Tukasoma jina na namba ya kompyuta chini ya tumbo lake, tukaenda kwenye ukurasa wa kampuni iliyoiunda, tukachukua draiva ya waifai ya Windows 11. Msichukue kwingine! Ziko kurasa nyingi zinazogawa draiva bure, na baadhi yake hugawa virusi.

Tukaiweka, tukachagua Restart tena. Alama ya waifai ikarudi.

Kama draiva isingepatikana, bado kulikuwa na njia: kwa kawaida, katika siku 10 za kwanza, Windows hukubali kurudishwa ilivyokuwa, mradi mafaili ya zamani hayajafutwa. Na hata adapta ikifa kweli, iko ya nje, ndogo kama kidole gumba, huchomekwa ubavuni bila kufungua mashine. Wewe unayetaka kubadili Windows kesho, pakua draiva ya waifai leo, uiweke katika flashi.

Binti alituma ripoti yake pale pale ofisini. Mzee akaifunga kompyuta katika kanga, akaniuliza basi la Mang'ula huondoka saa ngapi.