Je, Wajua? Wati 20 Zinazoamua Uhai wa Seva

Mto Lufira, katika Haut-Katanga, umekuwa ukitoa umeme Mwadingusha tangu 1930. Hata hivyo, umeme huweza kukatika; kwa hiyo kwenye chuo kama kile cha Kimethodisti kilichopo Mulungwishi, karibu na Likasi, anayenunua seva iliyokwisha kutumika hana budi kuuliza swali moja kabla ya bei: itakula wati ngapi?

Chukua prosesa mbili za Intel. Xeon E5-2670 ya 2012 ina viini 8, kasi ya msingi ya gigahezi 2.6, na kiwango cha wati 115. Xeon E5-2650 v2 ya 2013 ina viini 8 vilevile na gigahezi 2.6 zilezile, lakini wati 95. Siri iko kwenye transista: zilishuka kutoka nanomita 32 hadi 22. Tena ya pili hupokea kumbukumbu yenye kasi zaidi, na kazi yake huizidi kidogo ile ya kwanza.

Seva nyingi hubeba prosesa mbili, kwa hiyo tofauti ni wati 40 kazi inapokuwa nzito. Umeme ukikatika, betri yenye wati-saa 1,200 za kutumia italisha prosesa za zamani kwa saa 5 na ushei. Zile za 2013, saa 6 na ushei. (Diski na feni hazijahesabiwa.)

Soketi ni ileile, LGA 2011. Bodi nyingi za prosesa ya 2012 hupokea ile ya 2013 baada ya kusasishwa BIOS. Ukipewa kuchagua, chukua ya 2013.