Kumwandalia Mtoto Mchanga Chumba

Mtoto akikaribia kuzaliwa, wazazi hufikiria khanga, nguo na nauli ya kwenda zahanati. Hayo ni mambo mema. Lakini je, mtoto akirudi nyumbani atalala wapi?

Mjini wapo watu wanaotenga chumba kizima cha mtoto na kukipamba. Hapa Nyashimo wengi wetu hatuna chumba cha ziada. Hiyo si hasara. Wataalamu wa afya hushauri mtoto mchanga alale chumba kimoja na mama yake. Basi, tuandae chumba cha mama.

Tutazame nyumba moja. Mke ana mimba ya miezi minane. Chumbani mna magunia ya pamba. Dirisha limezibwa kwa gunia. Uvunguni mna bomba la kunyunyizia na chupa ya dawa ya pamba.

"Baba watoto," mke anasema, "mtoto atavuta hewa gani humu?"

"Wazee husema mtoto haandaliwi kabla hajazaliwa," mume anajibu.

"Sinunui nguo. Nasafisha nyumba. Nyumba safi humfaa kila mtu."

Mume akanyamaza kidogo. Kisha akainama, akaitoa ile chupa uvunguni.

Alianza vizuri. Nasi tufuate hatua hizi:

1. Ondoeni sumu. Dawa ya pamba huua wadudu, na huweza kumwua mtu. Dawa, bomba na nguo za kunyunyizia zisikae chumba cha kulala. Ziwekeni nje ya nyumba, mahali panapofungwa kwa kufuli. Chupa tupu isitumiwe kuwekea maji wala mafuta.

2. Ingizeni hewa. Zibueni dirisha. Kama halipo, baba alitoboe. Kupikia ndani hujaza moshi, na moshi huchangia homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Jiko liwe mbali na chumba hiki.

3. Tengenezeni kuta na sakafu. Zibeni nyufa kwa udongo, kwa maana wadudu hujificha humo. Kisha pakeni chokaa au udongo mweupe. Chumba kitakuwa na mwanga, na uchafu utaonekana upesi. Chokaa mbichi huchoma macho na ngozi, kwa hiyo mama mjamzito asiipake. Fanyeni kazi hii mapema ili kuta zikauke.

Wengi wetu husiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe. Safari hii tumieni udongo mtupu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika samadi na udongo, navyo huingia mwilini kwa njia ya kidonda. Kitovu cha mtoto mchanga ni kidonda. Kwa hiyo mtoto asilazwe sakafuni, na kitovu kisipakwe samadi, majivu wala udongo. Mama naye apate chanjo ya pepopunda kliniki.

4. Tayarisheni malalo. Sisi tuko karibu na ziwa, na mbu ni wengi. Tundikeni chandarua chenye dawa, nacho kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mtoto alale chali, juu ya godoro lisilobonyea sana. Pamba tunayo, lakini tusimshonee mto. Mto laini unaweza kumziba pumzi.

5. Pambeni. Mtoto aliyezaliwa karibuni haoni mbali. Huona vizuri kitu kilicho karibu, kama uso wa mama anayemnyonyesha. Huvutiwa pia na weusi na weupe vikikaa pamoja. Chukueni masizi, mchore mistari na duara kwenye ukuta mweupe karibu na kitanda. Hayagharimu hata senti. Msitundike shanga wala kamba juu ya mtoto; zinaweza kumwangukia au kumnyonga.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kusikiliza redio, kujadiliana na kusafisha makazi yao. Walianza na vitu walivyokuwa navyo: jembe, fagio na mikono yao. Vitu hivyo hata sisi tunavyo.

Maswali ya kujadili
1. Dawa ya pamba hukaa wapi nyumbani kwako?
2. Kwa nini kitovu kisipakwe samadi?
3. Kazi zipi zilizotajwa ni za baba? Ataanza lini?