Siku moja Rhodes: Usiishie kwenye maduka ya Mtaa wa Sokratous

Miongoni mwa visiwa vya Ugiriki vinavyotembelewa na meli za kitalii, Rhodes ni mojawapo ya vile vinavyomfaa zaidi mtu mwenye watoto au wazazi watu wazima. Aghalabu meli hufunga gatini, na kutoka hapo hadi kwenye ukuta wa mji mkongwe ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hata hivyo muda ni mchache, na familia nyingi huumaliza katika maduka ya sponji na mikufu.

Lakini kwanza viza. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, na wenye pasi za Tanzania na Kenya huhitaji viza kuingia humo. Safari nyingi za upande huo huchanganya visiwa vya Ugiriki na bandari ya Kusadasi, Uturuki. Maana yake ni kwamba abiria hutoka Schengen na kuingia tena, hata kama hakuhama chumba chake melini. Viza ya kuingia mara moja haimtoshi. Aombe ya kuingia mara nyingi, na aulizie pia masharti ya Uturuki. Asiyelitazama hili mapema huenda akazuiwa kupanda meli siku ya kwanza, na nauli yote ikapotea.

Ukuta mnene utakaouona ulijengwa na wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohana, waliokishika kisiwa tangu mwaka 1309. Mwaka 1522 Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniya aliuzingira mji kwa takriban miezi sita. Waliposalimu amri aliwaruhusu waondoke salama pamoja na silaha na mali zao. Jumba la mkuu wao bado lipo juu mjini, ingawa sehemu kubwa ya linaloonekana leo ilijengwa upya na Waitalia kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Panda Mtaa wa Sokratous mpaka mwisho. Hapo pana msikiti wa Suleiman wenye kuta za rangi ya waridi, uliojengwa upya mwaka 1808. Mkabala wake, nyuma ya lango ambalo wengi hulipita wakitafuta aiskrimu, ni maktaba aliyoiweka wakfu Hafidh Ahmed Agha mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Kwa maoni yangu, mlango huu unastahili muda kuliko jumba lile. Ukikuta pamefunguliwa, ingia na watoto.

Msikiti unaosaliwa ni wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16. Kwa nini Waislamu wamebaki hapa, ilhali mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana raia kwa misingi ya dini? Ni kwa sababu wakati huo Rhodes ilikuwa mikononi mwa Italia, tangu mwaka 1912, na mkataba haukuwagusa. Kisiwa kilikabidhiwa Ugiriki mwaka 1947, nao wakawa raia wake.

Bandarini waongoza watalii husimulia habari za sanamu kubwa ya shaba, yenye urefu wa takriban mita 33, iliyoangushwa na tetemeko mwaka 226 kabla ya Masihi. Baadhi yao huongeza kuwa majeshi ya Muawiya yaliuza mabaki yake kwa mfanyabiashara aliyeyabeba kwa ngamia 900. Mtoto akikuuliza, mwambie kwamba mapokeo haya yanatoka kwa Theophanes, mtawa wa Bizantini aliyeandika zaidi ya miaka 150 baada ya tukio, na kwamba wanahistoria wengi wanayatilia shaka.

Katika mtaa wa zamani wa Mayahudi pana uwanja wa kumbukumbu. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Mayahudi wa Rhodes na Kos, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaendea maafisa wa Kijerumani na kudai waachiwe wenye uraia wa nchi yake, akisisitiza kuwa wenzi wao nao ni raia. Wapatao hamsini waliokolewa. Wakubwa katika familia wasisite kulisimulia hili papo hapo.

Kuhusu chakula, mishikaki ya mitaani mara nyingi ni ya nguruwe, na pweza huweza kupikwa kwa mvinyo. Uliza kabla ya kuagiza. Samaki wa kuchoma, maharage na jibini havisumbui. Majira ya joto adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana na alasiri karibu na saa kumi na moja, wakati ambao meli nyingine huwa zinaita abiria. Msafiri anayo ruhusa ya kuzikusanya sala hizo mbili, basi azisali mjini akiwa na nafasi. Lindos, iliyo umbali wa takriban kilomita 50, ni nzuri mno, lakini mwenye siku moja achague: huko au mji mkongwe. Na saa ya mkononi ifuate ya meli, kwani huweza kutofautiana na ya kisiwani.