Wawili Mlimani: Panga Safari ya Kuvua Trauti na Umpendaye

Diani mmeshakwenda. Naivasha mmeichoka. Kila mkipata wikendi ndefu ni hoteli ileile, bwawa lilelile, na kila mtu na simu yake. Mwezi huu nawaletea kitu tofauti: bebeni mabegi mgongoni, pandeni milima ya Aberdare, mkavue samaki kwenye vijito vya maji baridi. Naam, hapahapa Kenya!

Trauti si mwenyeji wetu. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyemleta kutoka Scotland mwaka 1905, akaachiwa katika mto Gura. Anapenda maji safi, baridi na yanayokwenda kasi, kwa hiyo ukimtaka mfuate huko juu: Gura, Chania na Karuru upande wa Aberdare, au Ragati, Thiba na Burguret inayotoka Mlima Kenya. Na kama mnadhani ndoana na mapenzi haviendi pamoja, kumbukeni Prince William alimchumbia Kate Middleton mwaka 2010 huko Rutundu, Mlima Kenya, penye maziwa ya trauti!

Kwanza, kaeni mezani

Sisi tulipanga kwa wiki sita. Jamani, wakati huo maongezi yetu nyumbani yalikuwa karo, kodi na foleni tu. Safari ikatulazimisha kuulizana mengine. Unaweza kutembea saa ngapi? Unaogopa nini? Kwa pesa hizi, tupunguze siku au starehe? Mume wangu alitaka siku tano, mimi mbili, tukakubaliana tatu. Ndipo akasema simu ya kazi itabaki nyumbani, kwa sababu amechoka. Si uchovu wa wiki moja, alisema, ni wa mwaka mzima. Katika miaka minne ya ndoa sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Usiku ule ramani ilikaa pembeni, tukaongea mpaka saa saba.

Msimu na ruhusa

Chagueni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Wakati wa masika mito hufurika, maji yakawa tope na samaki asione chambo. Aberdare ni hifadhi ya taifa, hivyo lipeni kiingilio cha KWS, kateni leseni ya uvuvi na ombeni askari mwenye silaha awasindikize. Huyo si pambo! Humo mna nyati na tembo, na kelele za maji huzima sauti ya kichaka kinachovunjika nyuma yako.

Mzigo

Juu ya mita 3,000 usiku ni baridi kali. Bebeni hema lisilovuja, begi nene la kulalia kila mmoja, koti la mvua, jiko dogo la gesi, soksi za akiba na chakula cha kutosha, maana samaki hana ahadi. Gawaneni uzito kwa nguvu, si kwa jinsia. Kichwa kikiuma sana na mkaanza kutapika, msijikaze: shukeni.

Mtoni

Hapa hakuna mnyoo. Chambo ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Kwa kuwa ni nyepesi mno, ni uzito wa mshipi wenyewe unaoirusha. Jifunzeni kwanza uwanjani, kwenye nyasi. Trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo mnyemelee kwa nyuma, mkipanda na mto, na kivuli chenu kisianguke majini. Mkitaka kumrudisha, lowesheni mikono kabla ya kumshika, mkono mkavu humtoa ute unaomkinga.

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Ya pili mume wangu alinasa mmoja, mdogo tu, mwenye madoa mekundu. Alimtazama kidogo, akamwachia, kisha akakaa juu ya jiwe bila kusema neno kwa karibu saa nzima. Nami nikakaa naye. Haukuwa ule ukimya wa sebuleni.

Haya basi, wapenzi. Leo jioni zimeni televisheni, tafuteni kalamu na kalenda, na kila mmoja aombe likizo yake kazini kabla ya mwezi kuisha. Mengine yote yatapangika.