Gari Lilingane na Safari

Kila siku ya kazi magari ya Serikali hutoka Dodoma mjini kwenda Mtumba, penye ofisi za wizara, umbali usiofika kilometa 20, na jioni hurejea. Mengi ni magari makubwa ya dizeli, yaliyoundwa kwa mchanga na makorongo, lakini hushinda juu ya lami yakiteketeza mafuta yanayonunuliwa nje kwa fedha za kigeni.

Tunaamini kwamba kazi hiyo sasa yafaa ifanywe na magari ya umeme. Umeme tunao: bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024.

Wapo wasemao kuwa gari la umeme haliwezi njia mbovu. Dai hilo halina msingi. Mota ya umeme hutoa nguvu kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Na huko Maasai Mara, nchini Kenya, Land Cruiser zilizotolewa injini za dizeli zikatiwa betri zimekwisha kubeba watalii porini. Udhaifu wake ni mwingine. Mzigo na mchanga mzito hula chaji upesi, na likiishiwa nyikani haliokolewi kwa dumu la mafuta. Kwa hiyo mganga wa kijijini Kondoa au Mpwapwa asinyang'anywe gari la dizeli kabla ya kituo cha kuchaji na fundi kufika huko. Gari la haibridi, lenye injini na mota pamoja, laweza kumfaa mwenye safari mchanganyiko. Ila lile lisilochajiwa huokoa mafuta zaidi mjini kuliko katika mwendo mrefu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani hesabu ni nyepesi: Unguja ina urefu wa kilometa zipatazo 85, na Pemba 67. Lakini umeme wao huvuka bahari. Ulipokatika Unguja Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani takriban miezi mitatu. Baadaye waya wa pili ulilazwa. Hata hivyo gari la wagonjwa lisiachwe litegemee waya peke yake. Hospitali iwe na mitambo ya jua, au ibakize gari la mafuta.

Tunashauri kila ofisi, kabla ya kununua, ieleze kwa maandishi gari litakwenda wapi, umbali gani kwa siku, na litachajiwa wapi. Isiyo na majibu isipewe fedha. Gari la Serikali ni chombo cha kazi, wala si pambo la cheo, na mwenye kulilipia ni mwananchi.