Dozi Moja ya Chanjo ya Kipindupindu: Inakinga kwa Kiasi Gani?

Mnamo Februari 2023, Wizara ya Afya ilianzisha kampeni ya chanjo ya kipindupindu katika kaunti nne: Tana River, Garissa, Wajir na Nairobi. Kampeni hiyo ilitumia takriban dozi milioni 2.2, na waliolengwa ni watu wa kuanzia mwaka mmoja kwenda juu. Kila mmoja alipewa dozi moja ya kumeza.

Mei 2024, baada ya Mto Tana kuvunja kingo zake, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliripoti wagonjwa 44 wa kipindupindu katika Kaunti ya Tana River. Ni haki mkazi wa Garsen, Ngao au Hola kuuliza: ikiwa watu walichanjwa, mbona ugonjwa umerudi? Jibu linapatikana katika majaribio yaliyofanywa kabla chanjo hiyo haijafika hapa.

Chanjo hupimwaje?

Katika jaribio la chanjo, watu waliokubali kushiriki hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa chanjo, la pili hupewa kimiminika kinachofanana nayo lakini kisicho na chanjo. Mshiriki hajui amepata kipi, wala anayempima hajui. Baadaye huhesabiwa ni wangapi wameugua katika kila kundi. Bila kulinganisha hivyo, mtu aliyeponea kwa sababu hakukutana na viini angedhaniwa ameokolewa na chanjo.

Nchini Kenya, jaribio la namna hii haliwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na Bodi ya Dawa na Sumu. Mshiriki hueleza ridhaa yake baada ya kufafanuliwa manufaa na madhara, na anaweza kujiondoa wakati wowote. Kampeni ya 2023 haikuwa jaribio. Chanjo iliyotolewa ilikuwa imekwisha kupimwa na kuidhinishwa.

Dozi mbili na dozi moja

Chanjo ya kumeza ilipangwa kutolewa mara mbili. Katika jaribio lililoanza mwaka wa 2006 jijini Kolkata, India, dozi mbili zilipunguza kipindupindu kwa asilimia 65 katika muda wa miaka mitano.

Mwaka wa 2014, jaribio jingine lilifanywa Dhaka, Bangladesh, likihusisha zaidi ya watu 204,000, ili kujua kama dozi moja ingetosha. Katika miezi sita ya kwanza, dozi moja ilipunguza kipindupindu kwa asilimia 40, na kile kikali kinachomkausha mgonjwa maji kwa asilimia 63. Kwa maneno mengine, mahali ambapo watu 100 wasiochanjwa wangeugua, waliochanjwa wangeugua kama 60. Lakini watoto wa chini ya miaka mitano walikingwa kidogo sana, na walipofuatiliwa kwa miaka miwili, kinga yao haikuonekana.

Mlipuko ulipoenea nchi nyingi na akiba ya chanjo ya dunia ikapungua, mnamo Oktoba 2022 kikundi cha kimataifa kinachosimamia akiba hiyo kilisimamisha kwa muda utaratibu wa dozi mbili katika kampeni za kukabili milipuko. Hesabu ilikuwa kwamba ni afadhali watu wengi wapate kinga ya muda kuliko wachache wapate kinga ndefu. Hiyo ndiyo dozi iliyofika Tana River. Kazi yake ni kupunguza makali ya mlipuko. Haimfanyi mtu kuwa salama kwa miaka mingi.

Funzo kutoka Zanzibar

Mwaka wa 2009, wakazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa dozi mbili za chanjo ya kumeza ya aina nyingine. Ufuatiliaji wa zaidi ya mwaka mmoja ulionyesha kuwa waliochanjwa walikingwa kwa asilimia 79. Hata wasiochanjwa walinufaika pale ambapo majirani wengi walikuwa wamechanjwa, kwa kuwa viini vilipungua katika maji na mazingira. Ndiyo maana kampeni inapopita, nyumba moja ikikosa chanjo si hasara ya nyumba hiyo peke yake.

Tiba inayookoa maisha

Kipindupindu huua kwa kumaliza maji na chumvi mwilini, wakati mwingine kwa saa chache tu. Mwaka wa 1968, jaribio la Dhaka lilionyesha kuwa wagonjwa waliokunywa maji yaliyochanganywa sukari na chumvi kwa vipimo maalum walihitaji dripu kwa asilimia 80 chini ya wengine. Mwaka wa 1971, tiba hiyo ilitumika katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Pakiti za ORS zinazotolewa leo katika zahanati zetu zinatokana na kazi hiyo.

Dawa za kuua bakteria zina mahali pake, hasa kwa mgonjwa aliye mahututi, lakini ni mhudumu wa afya anayepaswa kuamua. Jaribio lililofanywa katika nchi saba, Kenya ikiwemo, kwa zaidi ya watoto 8,000 wenye kuhara majimaji kusiko na damu, lilionyesha kuwa kuwapa wote dawa ya azithromycin hakukupunguza vifo. Kununua vidonge dukani kila mtoto anapohara hakumsaidii, na huzifanya bakteria kuwa sugu.

Wakazi wanashauriwa:

• Aliyemeza dozi moja mwaka wa 2023 asijihesabu kuwa bado amekingwa. Kampeni nyingine ikitangazwa, apeleke familia yote.

• Maji ya mto, kisima au bwawa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kabla ya kunywewa, hasa wakati wa mafuriko.

• Mtu akianza kuhara maji mengi, apewe ORS mara moja kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, huku akipelekwa kituo cha afya. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano huongezewa zinki.

• Mhamasishaji wa afya ya jamii aarifiwe siku hiyo hiyo, ili chanzo cha maji kikaguliwe kabla ya jirani kuugua.

• Watoto wadogo waangaliwe zaidi, kwa kuwa ndio dozi moja iliowakinga kwa uchache. Kwao, maji safi na pakiti ya ORS nyumbani ndiyo kinga ya kila siku.